Vitawi vya Sukari katika Mwani wa Kijani

Maji yakikaa siku nyingi juani, dimbwini au katika pipa, hugeuka rangi yakawa ya kijani. Watu wengi huyamwaga na kusema ya kuwa yameharibika. Lakini rangi ile si uchafu mtupu. Mara nyingi ni kundi kubwa la viumbe hai, wadogo mno hata jicho haliwezi kumwona mmoja peke yake. Viumbe hao huitwa mwani mdogo wa kijani. Kila mmoja ni chembe moja tu. Hana mzizi, wala shina, wala jani. Hata hivyo hukua na kuzaa, na hujitengenezea chakula kwa nuru ya jua, kama ufanyavyo mhindi shambani.

Aina moja iliyochunguzwa sana huitwa klamidomonasi. Hukaa katika maji yasiyo ya chumvi na katika udongo wenye unyevu. Mwaka 1945 mtaalamu wa Marekani, Gilbert M. Smith, aliipata katika udongo wa shamba la viazi karibu na mji wa Amherst, katika jimbo la Massachusetts, na wazao wake wangali wanatunzwa katika vyumba vya uchunguzi vya nchi nyingi. Chembe 100 za mwani huo zikipangwa safu moja, urefu wa safu ni kama milimita 1. Mtu akiitazama chembe moja kwa darubini ya kukuza vitu vidogo, ataona ndani yake kitu cha kijani mfano wa kikombe, na doa jekundu la kutambulia nuru. Mbele ataona mijeledi miwili myembamba, ambayo chembe huitumia kuogelea na kushika vitu.

Mwili wa chembe hiyo, kama miili ya viumbe wote, umejengwa kwa protini. Protini hufanana na uzi wa shanga. Shanga zake ni vitu viitwavyo asidi amino, navyo ni vya namna 20. Shanga zikitungwa kwa taratibu moja hupatikana protini ya nyama. Zikitungwa kwa taratibu nyingine hupatikana protini ya damu, au ya mjeledi wa mwani.

Lakini protini nyingi hazibaki uzi mtupu. Hupachikwa vitawi vya sukari. Sukari hapa si ile tu ya kutia katika chai. Zipo sukari za namna nyingi: iko galaktosi, ambayo ni sehemu ya sukari ya maziwa, iko zailosi, ambayo hupatikana katika miti, tena iko manosi, ambayo ndiyo nyingi katika vitawi hivi.

Kazi ya kupachika vitawi ina kanuni yake. Ndani ya chembe mna mifereji myembamba sana. Uzi wa protini unapoingia humo, kitawi kilichokwisha kuundwa hupachikwa juu ya ushanga uitwao asparajini. Wala si kila asparajini hupewa kitawi. Sharti ushanga wa tatu, ukihesabu asparajini kuwa wa kwanza, uwe serini au threonini. Kanuni hiyo ni moja kwa mwani, kwa mhindi, kwa ng'ombe na kwa mtu. Baadaye kitawi hutengenezwa zaidi: sukari nyingine hukatwa, na nyingine huongezwa, kama fundi anayekata ubao kisha akautia nakshi.

Hapo katika nakshi ndipo viumbe wanapotofautiana. Kwa viumbe wengi kitawi kinachopachikwa huwa na sukari 14, na katika hizo manosi ni 9. Klamidomonasi hutumia kitawi kifupi, chenye manosi 5 tu. Mwaka 2013 wataalamu wa mji wa Rouen, katika Ufaransa, walieleza ya kuwa mwani huo huongeza zailosi juu ya vitawi vyake, na baadhi ya manosi zake huvikwa kipande kidogo cha kaboni na haidrojeni kiitwacho methili. Vitawi vya namna hii katika mwili wa mtu havina zailosi. Badala yake, vingi humalizikia kwa sukari iitwayo asidi ya sialiki.

Je, nakshi hiyo ina faida, au ni pambo tu? Mwaka 2020 wataalamu wa Ujerumani na wenzao walitangaza majaribio waliyoyafanya ili kulijua jambo hilo. Walichukua klamidomonasi ambazo vitawi vyake vilikuwa vimebadilika, kisha wakapima nguvu ya mijeledi yake kushika kitu. Mijeledi ilikuwapo, na protini zilifika mahali pake kama kawaida. Chembe hizo ziliweza hata kuteleza juu ya kitu kigumu kama wenzao. Lakini nguvu ya kushika ilikuwa imepungua. Basi ilijulikana ya kuwa haitoshi protini kuwa na kitawi. Umbo la kitawi nalo lina kazi yake.

Jambo kama hilo limo katika damu ya watu. Mwaka 1901 Karl Landsteiner, mganga wa mji wa Vienna katika Austria, alionyesha ya kuwa damu za watu si za namna moja. Baadaye ilijulikana ya kuwa tofauti ya kundi A na kundi B ni sukari moja tu mwishoni mwa kitawi kilicho juu ya chembe nyekundu. Tofauti hiyo ni ndogo mno. Lakini mgonjwa wa kundi A akitiwa damu ya kundi B, mwili wake huipiga vita damu ile, naye aweza kufa.

Kwa sababu hiyo watengenezaji wa dawa huviangalia sana vitawi vya sukari. Figo za mtu hutoa protini iitwayo erithropoietini, ambayo huamrisha uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyekundu. Mtu ambaye figo zake zimeharibika hupungukiwa na damu, akachoka hata kwa kazi ndogo. Tangu mwaka 1989 wagonjwa wa namna hiyo katika Marekani wamepata kutibiwa kwa protini hiyo iliyotengenezwa na chembe za panya mdogo wa China aitwaye hamsta. Dawa hiyo ni ghali, maana chembe za hamsta hutaka chakula na uangalizi mwingi.

Mwani hautaki mengi: maji, nuru, hewa na chumvi chache. Basi kwa nini dawa hiyo isitengenezwe na mwani? Kizuizi kimoja kikubwa ni vitawi. Erithropoietini isipokuwa na asidi ya sialiki ya kutosha, ini huikamata upesi na kuiondoa katika damu kabla haijamaliza kazi. Tena mwili waweza kuiona zailosi kuwa ni kitu kigeni. Shanga zote zaweza kuwa mahali pake, na dawa isimfae mgonjwa. Ndiyo maana wataalamu hujifunza kwanza kukiunda upya kitawi cha mwani.

Vitawi hivyo vimefaa pia katika biashara. Klorela ni mwani mwingine wa kijani, mviringo, usio na mijeledi. Hukaushwa, husagwa, na kuuzwa uwe chakula. Aina zake hufanana sana hata ni vigumu kuzitambua kwa darubini. Mwaka 2022 wataalamu wa Vienna, mji ule ule wa Landsteiner, walitangaza ya kuwa wamechunguza vitawi vya sukari katika unga wa klorela unaouzwa madukani. Vitawi vilitofautiana sana, ingawa bidhaa zote ziliitwa klorela. Jina lilikuwa moja juu ya chombo, lakini vilivyomo ndani havikuwa vya namna moja.

Basi mtu anayemwaga maji ya kijani humwaga mafundi wasiohesabika. Kila mmoja hutunga shanga zake, akapachika vitawi vyake kwa kanuni ile ile inayofuatwa katika mwili wa huyo anayemwaga.

MASWALI

1. Kwa nini protini imefananishwa na uzi wa shanga?
2. Asparajini hupewa kitawi kwa sharti gani?
3. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2020 yalionyesha nini?
4. Kuna tofauti gani kati ya damu ya kundi A na ya kundi B?
5. Eleza kwa nini si rahisi kutengeneza erithropoietini kwa mwani.