Mbwa wa Ploti: Abaki Alipo au Atafutiwe Makao Mengine?

Uamuzi kuhusu mbwa aliyetelekezwa, yaani kama abaki pale alipo au atafutiwe mtu mwingine wa kumlea, huchukuliwa na wengi kuwa jambo la huruma tu, ilhali katika mazingira ya EPZ Athi River, kaunti ya Machakos, jambo hilo linagusa makazi, afya ya umma na sheria kwa wakati mmoja. Mbwa aliyetelekezwa, kwa maana inayotumiwa hapa, ni yule ambaye mahitaji yake ya msingi, kama vile chakula, maji safi, kivuli, chanjo, matibabu na kuzoeana na watu, hayana mtu anayejulikana kuwa na wajibu wa kuyatimiza. Kwa kipimo hicho, mbwa aliyefungwa mnyororo mchana kutwa nyuma ya ploti anaweza kuwa ametelekezwa zaidi ya mbwa koko anayezurura sokoni, kwa sababu koko angalau huweza kujitafutia maji na kivuli.

Chanzo cha hali hiyo kimo katika jinsi watu wanavyoishi sehemu hizo. Eneo la EPZ, lililotengwa kwa viwanda vinavyozalisha bidhaa za kuuzwa nje ya nchi chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 1990, lilivutia viwanda vya nguo hasa baada ya Marekani kupitisha sheria ya AGOA mwaka 2000, ambayo iliruhusu bidhaa za nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara kuingia katika soko lake bila ushuru. Ajira katika viwanda hivyo hupanda na kushuka kulingana na oda, na kwa hiyo vyumba vya kupanga vya Athi River, Mlolongo na Kitengela hujaa na kuachwa wazi kwa kasi ile ile. Mwenye ploti, ambaye mara nyingi haishi hapo, huweka mbwa langoni ili kuwatisha wezi na kumwachia keateka. Keateka akiondoka, anayemrithi huzikuta funguo na daftari la kodi, lakini hakuna anayemkabidhi mbwa. Mpangaji mmoja huanza kumtupia makombo ya ugali na mabaki ya omena, watoto humpa jina, na baada ya miezi michache mbwa huyo huwa ana ua wa kulinda lakini hana mtu wa kumtunza.

Takwimu za Machakos zinaonyesha kwamba tatizo hili lina mizizi mirefu. Utafiti wa Kitala na wenzake kuhusu mbwa wa wilaya ya Machakos ya wakati huo, uliochapishwa mwaka 2001, ulikuta kwamba takriban asilimia 63 ya kaya zilizochunguzwa zilikuwa na mbwa, na kwamba katika kata ndogo ya mjini walikuwepo mbwa 110 kwa kila kilomita moja ya mraba, wakati zile za mashambani zilikuwa na kati ya 6 na 21. Dume aliyezaliwa alitarajiwa kuishi miaka 3.5 na jike miaka 2.4 tu, nusu ya mbwa wote walikuwa hawajafikisha mwaka mmoja, na bado idadi yao ilikadiriwa kukua kwa asilimia 9 kila mwaka. Maana ya takwimu hizo ni kwamba mbwa waliongezeka kwa sababu majike walizaa sana, wala si kwa sababu waliozaliwa walitunzwa wakaishi, na kwamba pengo linaloachwa na mbwa anayekufa huzibwa upesi na mtoto wa mbwa ambaye naye hana uhakika wa kuuona mwaka wake wa pili.

Kabla ya kuamua lolote, anayekusudia kumsaidia mbwa wa namna hii hana budi kuitambua hali yake, na sehemu kubwa ya utambuzi huo hufanywa kwa macho na viganja. Madaktari wa mifugo hutumia kipimo cha hali ya mwili chenye ngazi 1 hadi 9, ambapo ngazi ya 4 na ya 5 ndizo za mbwa mwenye unene unaofaa: mbavu hazionekani sana kwa mbali, lakini kiganja kikipitishwa ubavuni huzihisi bila kubonyeza kwa nguvu, na mbwa akitazamwa kutoka juu huonekana ana kiuno. Katika ngazi ya 1 mbavu, uti wa mgongo na mifupa ya nyonga hujitokeza waziwazi na misuli huwa imepungua. Mbwa aliyefikia hapo hapaswi kuwekewa sufuria nzima ya chakula siku ya kwanza, kwani mwili uliozoea njaa ukipata chakula kingi kwa ghafla huvuruga madini ya damu, hasa fosfati, na mbwa aliyenusurika njaa anaweza kufa kwa shibe. Hupewa kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na kiasi huongezwa polepole kwa ushauri wa daktari. Baada ya hapo hukaguliwa ndani ya masikio na katikati ya vidole, ambako kupe hupenda kujificha, kisha chini ya mkanda wa shingo, kwa sababu mkanda ambao haujawahi kulegezwa tangu mbwa alipokuwa mdogo huweza kuzama katika ngozi na kufanya kidonda kinachofichwa na manyoya.

Tabia nayo hupimwa kwa subira. Kipindi ambacho mtoto wa mbwa hujifunza kwa wepesi kwamba binadamu si adui ni kati ya wiki ya 3 na takriban ya 14, na aliyekipitisha kipindi hicho akiwa amefungwa mahali pasipopita watu huweza kukua akiwa mwoga, akimkaribia mtu kwa kunguruma. Mngurumo huo mara nyingi ni woga unaoweza kupunguzwa kwa utaratibu usiobadilika, yaani mtu yule yule, saa zile zile na sauti ya upole, na kwa hiyo ni makosa kumhukumu kuwa mkali kwa kumtazama siku moja. Hata hivyo, ni makosa makubwa zaidi kumpeleka katika nyumba yenye watoto wadogo kabla woga huo haujapimwa.

Suala ambalo halina mjadala ni la kichaa cha mbwa, ugonjwa wa virusi ambao dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu karibu daima humuua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na kwamba takriban asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Ili kuukatiza, inahitajika angalau asilimia 70 ya mbwa wawe wamechanjwa. Utafiti wa Machakos uliotajwa ulikuta asilimia 29 tu. Kenya ina mpango wa kitaifa ulioanza mwaka 2014, wenye lengo la kuutokomeza ugonjwa huo kwa binadamu ifikapo 2030, na kila mbwa wa ploti asiyechanjwa anauvuta mpango huo nyuma. Kwa hiyo chanjo hutangulia uamuzi wa kumbakiza au kumhamisha. Aidha, mbwa aliyemuuma mtu hapaswi kuhamishwa wala kuuawa kiholela, bali hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10, maana kama alikuwa akitoa virusi mateni alipouma, ugonjwa hudhihirika ndani ya muda huo. Aliyeumwa naye hasubiri matokeo, bali huosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kwenda hospitali kuanza chanjo.

Athi River ina tahadhari nyingine mbili za kwake. Ya kwanza inatokana na historia ya mji huo kuwa mji wa machinjio, kwani kiwanda cha Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1950, kiko hapo hapo. Mbwa anayekula mapafu au maini mabichi yenye uvimbe wa hidatidi, yaani mifuko ya maji yenye vijidudu vya mnyoo aina ya tegu, hupata mnyoo huo tumboni, na mayai yake yanayotoka katika kinyesi yakimfikia binadamu humfanyia uvimbe kama huo katika ini au mapafu. Kwa sababu hiyo matumbo ya bure si msaada kwa mbwa hadi yachemshwe vizuri, na dawa ya minyoo ni sehemu ya malezi. Ya pili ni ujirani na wanyamapori wa nyanda za Athi-Kapiti na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa unaoshambulia mapafu na ubongo, viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa kufugwa waliozunguka hifadhi hiyo walitajwa kuwa chimbuko. Mbwa anayefukuzwa kutoka ploti akaishia nyikani anaweza kwenda na maradhi yake.

Baada ya hayo ndipo swali la kumbakiza linapoulizwa, na kipimo chake kinachofaa ni mwaka mzima ujao, si jioni ya leo. Mfanyakazi anayeingia kiwandani asubuhi na kurudi jioni, na anayeongezewa saa msimu wa oda unapochangamka, anapaswa kujua nani atambadilishia mbwa maji mchana, nani atamlisha akisafiri, na fedha za chanjo, dawa ya kupe na dawa ya minyoo zitatoka wapi mwezi ambao kazi imesimama. Anahitaji pia kibali cha mwenye ploti, ikiwezekana kwa maandishi, na maelewano na majirani. Katika ploti yenye bomba moja la maji majirani hao huweza kuwa Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi inayohitaji chombo kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Dini hiyo hiyo inaruhusu mbwa wa ulinzi na wa mifugo na kuhimiza huruma kwa mnyama mwenye kiu, hivyo ugomvi mwingi huisha mbwa akipewa bakuli lake mwenyewe na mahali pake mbali na bomba. Wanaomsihi mpangaji asimtoe mbwa nao wakumbuke kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: ni rahisi kutaka mnyama abaki wakati anayemlipia ni mwingine.

Ikiwa majibu ya maswali hayo hayapatikani, kumtafutia makao mengine ni uamuzi wa heshima, mradi ufanywe kwa makabidhiano ya kweli. Njia iliyozoeleka ya kumpeleka mbwa mashambani, kwa dhana kwamba huko kuna nafasi na mifugo ya kulinda, haipaswi kuaminiwa bila kuchunguzwa, kwa kuwa muda mfupi wa kuishi uliotajwa hapo juu ulipimwa katika kata ndogo ambazo nyingi zilikuwa za mashambani. Makabidhiano ya kweli yana mpokeaji anayejulikana kwa jina na anayetembelewa nyumbani kabla ya mbwa kupelekwa, yana cheti cha chanjo, na yana maelezo ya wazi kuhusu tabia ya mnyama, zikiwemo zile mbaya. Ni vyema pia mbwa awe amehasiwa kama ni dume, au ametolewa kizazi kama ni jike, kwa sababu jike hubeba mimba kwa siku 63 hivi na anayetolewa bila upasuaji huo huweza kuwa ametolewa pamoja na watoto wake wa baadaye. Asiyempata mpokeaji anaweza kutafuta ushauri wa daktari wa mifugo wa kaunti au wa chama cha KSPCA, kinachotetea na kutunza wanyama, chenye makao yake Nairobi na historia inayoanzia mwaka 1910. Na pale ambapo daktari anathibitisha kuwa mnyama anateseka bila tumaini la kupona, kumlaza kwa dawa bila maumivu ni tendo la uangalizi, tofauti kabisa na sumu inayotupwa usiku kando ya jalala, ambayo huua hata paka na ndege wasiohusika.

Sheria haiko upande wa anayefumba macho. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inamfanya mwenye mnyama kuwa na hatia akimsababishia mateso yasiyo ya lazima, na uzembe wa kutomlisha huhesabiwa humo, huku Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, ikizipa mamlaka nguvu za kuwadhibiti mbwa wanaozurura. Udhaifu uko katika kumpata mwenye mnyama, kwani mwenye ploti husema mbwa ni wa keateka, keateka husema ni wa wapangaji, na wapangaji husema wamemkuta hapo.

Kwa sababu hiyo, kati ya kumbakiza na kumhamisha mbwa aliyetelekezwa hakuna lililo jema kwa asili yake. Lililo jema ni lile linalomwacha mnyama akiwa na mtu mmoja anayeweza kutajwa, na lililo baya ni kuhama usiku na kumwacha langoni. Wenye ploti na wasimamizi wa maeneo ya viwanda Athi River wanaoweka mbwa kwa ajili ya ulinzi waandike jina la mwangalizi wake katika mkataba wa keateka au wa kampuni ya ulinzi, pamoja na tarehe ya chanjo inayofuata, na mwangalizi huyo akiondoka, mbwa akabidhiwe kwa maandishi kama funguo zinavyokabidhiwa. Asiyeweza kufanya hivyo asiweke mbwa.