Safari ya Ndege Kutoka Nakuru: Hesabu Saa Kabla ya Kukata Tiketi

Kutoka Nakuru hadi Mombasa kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 580. Ndege inayokwenda kilomita 800 kwa saa ingemaliza umbali huo kwa dakika 45 hivi. Hesabu hiyo hupatikana kwenye simu mara moja, lakini haimfikishi mkazi wa Nakuru popote, kwa sababu safari yake huanza kwa barabara.

Kiwanja cha Naishi, ndani ya Mbuga ya Ziwa Nakuru, hupokea ndege ndogo tu, na kile cha Lanet kimekuwa kwenye mipango ya upanuzi kwa miaka kadhaa. Wasafiri wengi huenda Uwanja wa Jomo Kenyatta, takriban kilomita 175 kwa barabara. Mji wa Eldoret, upande wa pili, uko kilomita 155 hivi, na anayetoka Molo au Njoro huenda akaona ni afadhali kuelekea huko. Tiketi isomwe vizuri pia: baadhi ya ndege za humu nchini huondokea Wilson, ambao ni uwanja mwingine kabisa jijini Nairobi.

Nairobi hadi Mombasa angani ni kilomita 440 hivi, ila ratiba huonyesha karibu saa moja. Muda wa ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea hadi inapoegeshwa. Kuna kusubiri zamu ya kuruka, kupanda polepole, kisha kuanza kushuka mapema. Katika safari fupi, ndege hukaa kwenye mwendo wake wa kasi kwa dakika chache tu.

Chukua ndege ya saa nane mchana kwenda Mombasa. Inashauriwa abiria afike uwanjani saa mbili kabla, yaani saa sita. Barabara ya Nakuru hadi uwanjani huchukua saa tatu hadi nne mambo yakiwa shwari, kwa hivyo aondoke nyumbani saa mbili asubuhi. Ukungu wa Kimende au msongamano wa sikukuu kati ya Gilgil na Naivasha unaweza kuongeza saa nyingine nzima. Atatua Mombasa saa tisa alasiri, na bado hajafika Nyali.

Wanaokwenda kufanya kazi Ghuba wana jambo zito zaidi la kuangalia, nalo ni tarehe. Tiketi iliyoandikwa Ijumaa 00:30 ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia Ijumaa. Abiria huyo anapaswa kuwa uwanjani Alhamisi kufikia saa tatu na nusu usiku, kwani safari za nje huhitaji saa tatu. Akienda Ijumaa jioni, ndege itakuwa imeondoka karibu siku nzima iliyopita, na huenda akalazimika kununua tiketi nyingine.

Tena, saa za kuondoka na kufika huandikwa kwa majira ya kila mji. Dubai na Muscat ziko mbele ya Kenya kwa saa moja. Doha na Riyadh hutumia majira yetu. Ndege ikiondoka Nairobi 22:40 na kufika Dubai 04:40, tiketi huonyesha kama saa sita, kumbe ni tano angani, kwa kilomita 3,550 hivi. Anayempokea abiria kule aambiwe saa ya Dubai, si ya Nakuru.