Majina ya ngoma zetu yasiachwe yapotee

Hivi karibuni niliwauliza wanafunzi wangu wa isimu maana ya methali "Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake." Walijibu barabara kwamba kila mtu hujipendelea. Nikawauliza tena: kuwamba ni kufanya nini? Darasa likanyamaza. Mmoja tu, mwenyeji wa pwani, alieleza kuwa ni kuivuta ngozi juu ya mzinga wa ngoma na kuikaza.

Kimya kile ndicho kilichonisukuma kuandika makala haya, kwani kinagusa swali kubwa kuliko methali moja: tutajuaje ala za muziki zilikoanzia?

Wachimbuaji wa mambo ya kale wana jibu lao. Mwaka 2008, katika pango la Hohle Fels kusini mwa Ujerumani, walifukua filimbi ya mfupa wa bawa la tumbusi, yenye matundu matano. Umri wake wakadiriwa kuwa zaidi ya miaka 35,000. Huko Jiahu, China, zimepatikana filimbi za mifupa ya korongo zilizotengenezwa kati ya miaka 7,700 na 9,000 iliyopita.

Ipo hatari ya msomaji kudhani kwamba muziki ulizaliwa Ulaya na Asia, nasi tukaupokea ukiwa umekwisha kuiva. La hasha! Mfupa hudumu pangoni. Mti na ngozi huliwa na mchwa. Ngoma za wahenga wetu zilioza, lakini majina yake yalibaki vinywani mwa watu.

Tazama neno lenyewe "ngoma". Waganda husema eŋŋoma, Wanyarwanda ingoma, Wakongo ngoma. Kwa Wazulu, ingoma ni wimbo au mchezo. Aidha, kwa Wanyarwanda neno hilo hilo lina maana ya utawala, kwa kuwa ngoma ilikuwa alama ya ufalme. Kitenzi "kuwamba" nacho wanaisimu wamekifuatilia hadi lugha mame ya Kibantu, katika mzizi -bamb-, wenye maana ya kutandaza na kukaza. Nayo marimba ilivuka bahari pamoja na watumwa, na mwaka 1978 Guatemala ikaitangaza kuwa ala ya taifa.

Kweli, nasi tumekopa. Udi na zumari ni maneno ya Kiarabu, na hata Wazungu waliuchukua udi huo huo pamoja na jina lake. Lakini mwaka 1498 Wareno wa msafara wa Vasco da Gama waliandika kwamba walisikia Malindi pembe mbili za ndovu, zenye kimo cha mtu, zikipulizwa kwa tundu la ubavuni. Anayetaka ushahidi na aende Lamu akaitazame siwa ya Pate.

La kusikitisha ni kwamba hazina hii yatuponyoka. Msondo, chapuo, vumi na kumbwaya zilitofautiana kwa umbo na mlio. Leo, midomoni mwa vijana, zote ni ngoma tu. Hata kamusi mara nyingine hutosheka kusema "aina ya ngoma" na kuishia hapo.

Nawasihi walimu wanaowatayarisha wanafunzi kwa tamasha za muziki: kabla ya kununua ngoma, mwulizeni fundi jina la kila sehemu yake, kisha mliandike. Tusipofanya hivyo, methali ya mwamba ngoma itaendelea kukaririwa na watoto wetu kama kasuku.