Simu Iliyofufuliwa kwa Msaragambo

Msimu wa alizeti ukishika kasi, ukipita Iramba, Mkalama au Ikungi, mkoani Singida, utasikia mashine za kukamua mafuta zikinguruma tangu asubuhi. Baadhi zina umri mkubwa kuliko vijana wanaozilisha mbegu. Ikikorofisha, fundi anaifungua, anachongesha kipuri, anaifunga, mafuta yanatoka. Hakuna mwenye mashine anayeambiwa kwamba muda wa mashine yake umekwisha kwa kuwa kiwanda kilichoiunda kimeamua hivyo.

Simu yangu ilipewa hukumu hiyo. Ni Samsung Galaxy S10, niliyoinunua ikiwa imeshatumika, zile tunazoziita simu za Dubai. Kioo hakina ufa, kamera inapiga picha safi, na betri niliibadilisha. Lakini simu hii iliingia sokoni Machi 2019 ikiwa na Android 9, toleo la mwisho ililopewa na watengenezaji wake likawa Android 12, na mwaka 2023 hata marekebisho ya usalama yakakoma. Fundi mmoja pale karibu na soko la Ipembe, mjini Singida, aliishika, akaigeuza, akanishauri kwa upole nianze kujichanga kununua nyingine. Leo simu hiyohiyo inatumia Android 15, na sijanunua nyingine.

Kilichoiokoa ni mfumo endeshi unaoitwa LineageOS. Mfumo endeshi ndio unaoamsha simu, ukaunganisha kioo, laini, kamera na programu zote zikaelewana. Huu haujatengenezwa na kiwanda cha simu. Umetengenezwa na watu waliotawanyika duniani, wengi wao wakifanya kazi hiyo baada ya saa za ajira, bila malipo, kisha wakauweka wazi kila mtu auchukue. Bibi zetu wangeuelewa haraka kuliko sisi, kwa sababu wao walichimba visima na kujenga madarasa kwa msaragambo. Kila mmoja anakuja na jembe lake, na kisima kikishatoa maji hakiandikwi jina la mtu.

Msingi wa jambo hili ni wa zamani kidogo. Mwaka 1991 mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alitoa hadharani kiini cha mfumo endeshi alichokiandika, kinachoitwa Linux. Google ilipojenga Android ilikitumia kiini hicho, na sehemu kubwa ya msimbo wa Android yenyewe, yaani maandishi ya programu zake, huchapishwa wazi. Kampuni za simu huchukua msimbo huo, zikaongeza vyao, zikauza. Mwaka 2009 Mmarekani Steve Kondik akaonesha kwamba hata mtumiaji anaweza kufanya vivyo hivyo. Alianza na simu ya HTC Dream, mfumo wake ukaitwa CyanogenMod, na wenzake kutoka nchi nyingi wakajiunga. Baadaye ikaundwa kampuni ya kibiashara iitwayo Cyanogen. Kampuni ikayumba, na Desemba 2016 ikatangaza kufunga huduma zake. Kufikia mkesha wa Krismasi wa mwaka huo wanajumuiya walikuwa wameshachukua msimbo, wakaupa jina jipya la LineageOS, kazi ikaendelea.

Napenda sana kisa hicho cha Krismasi. Kampuni ilikufa na mali ikabaki, kwa sababu haikuwa ya kampuni.

Sasa nieleze nilivyofanya, maana wengi wameniuliza. Kwanza nilihamishia picha, namba za watu na mazungumzo ya WhatsApp kwenye kompyuta. Hili si la hiari. Simu ina kufuli la kiwandani, butiloda, linalokataa mfumo wowote usio na saini ya mtengenezaji. Ukilifungua, kila kilichomo ndani hufutwa. Kisha nikapakua faili za mfumo pamoja na kifurushi cha huduma za Google kwa bando la usiku, kwa kuwa kwa jumla zinazidi GB 1. Nikahakikisha kompyuta ina chaji ya kutosha, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hii unaweza kubaki na kipande cha kioo na chuma.

Mara ya kwanza simu iliikataa faili. Nilikuwa nimepakua ya S10+ badala ya S10. Waliouandika mfumo walikuwa wameweka ukaguzi unaolinganisha faili na aina ya simu, na ukaguzi huo uliniokoa. Mara ya pili ilikubali. Simu ilipowaka niliona kitu nilichokuwa nimekisahau: simu tupu. Hakuna mchezo nisioujua, hakuna duka la pili la programu, hakuna matangazo ya kupokea kwa lazima. Tangu siku hiyo marekebisho yananifikia mara kwa mara, na nikitaka nayapakua nikiwa mahali penye mtandao mzuri.

Programu nyingi sasa nazichukua F-Droid, ghala la programu huria lililoanzishwa mwaka 2010. Ninayoitegemea kuliko zote ni Organic Maps, inayotumia ramani za OpenStreetMap, ramani zinazochorwa na wananchi wenyewe. Unapakua ramani ya Tanzania mara moja, basi. Aliyewahi kusafiri barabara ya Itigi kwenda Rungwa, ambako mtandao unakuacha ukabaki na vumbi na miti, anajua thamani ya ramani isiyohitaji bando.

Lakini nisiwadanganye wasomaji. Kuna nilivyopoteza. Samsung wameweka ndani ya simu zao alama ya usalama ya Knox. Ukiingiza mfumo usio wao, alama hiyo huungua kama fyuzi na hairudi tena, hata ukirudisha mfumo wa kiwandani. Folda yao ya siri haifanyi kazi tena. Kupiga simu kupitia 4G pia hakuwezekani kwenye S10 yenye mfumo huu, hivyo mtu akinipigia, simu inashuka hadi 3G au 2G. Kwetu bado mitandao hiyo ipo, kwa hiyo sauti inafika. Katika nchi zilizozima 3G na 2G ningekuwa na tatizo kubwa.

Kubwa zaidi ni pesa. Programu ya benki yangu iligoma kufunguka. Google imewapa wenye programu njia ya kuuliza kama simu ina mfumo uliothibitishwa, na benki nyingi duniani zikiambiwa hapana, zinafunga mlango. Simu yangu ina marekebisho mapya ya usalama, ilhali simu ya jirani yangu ambayo haijarekebishwa kwa miaka minne inaruhusiwa, kwa kuwa tu kufuli lake la kiwandani halijaguswa. Kwa maoni yangu kipimo hicho kimekaa vibaya. Kinachonisitiri ni kwamba huduma za pesa kwa simu hapa kwetu hazikujengwa juu ya programu. Ukibonyeza *150*00# au *150*60#, menyu inatoka kwenye mtandao wa simu, na haijali mfumo endeshi wako. Muuza vitunguu wa Misuna anayelipwa na mnunuzi wa Nairobi au Dar es Salaam hapotezi chochote hapo.

Wapo wanaohofu kwamba kubadili mfumo endeshi ni kosa kisheria. Nadhani hofu hiyo ilitokana na mwaka 2016, usiku wa Juni 16, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilipozizima simu bandia nchi nzima. Kilichoangaliwa pale kilikuwa namba ya utambulisho wa simu, IMEI, ile unayoiona ukibonyeza *#06#. Kuibadili namba hiyo ni kosa. Kubadili mfumo endeshi wa simu yako mwenyewe hakugusi namba hiyo. Nasisitiza maneno simu yako mwenyewe. Siku hizi kuna simu za mkopo zinazojifunga mkopaji asipolipa, na kuna mafundi wanaozifungua kwa siri. Huko ni kumdhulumu mwenye mali, na hakuna uhusiano na ninachokizungumza hapa.

Sasa nifike panaponiuma. Tazama simu zilizo mikononi mwa watu kwenye daladala la kwenda Kiomboi au mnadani. Nyingi ni Tecno, Infinix na itel, zote za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, China. Kisha tazama orodha ya simu zinazohudumiwa rasmi na LineageOS: Google, Samsung, Xiaomi, Motorola, OnePlus, Sony, Fairphone na nyinginezo. Hizi zetu huzikuti. Wanaojitolea hawajatudharau. Ili waihudumie simu wanahitaji msimbo wa kiini chake na maelezo ya chipu yake, na simu za bei nafuu mara nyingi hutumia chipu ambazo maelezo yake hayapatikani kirahisi. Leseni ya Linux, inayoitwa GPL, inamtaka anayeuza kifaa chenye kiini hicho ampe mnunuzi msimbo wake akiutaka. Hiyo ni haki ya kila aliyenunua simu ya Android, awe London au Nduguti, na ni wachache wanaojua kwamba wanayo.

Ipo njia ya kando. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, Google iliitenganisha sehemu ya mtengenezaji na sehemu ya mfumo wenyewe, na Mfaransa Pierre-Hugues Husson akaitumia nafasi hiyo kuandaa mfumo mmoja unaoweza kukaa kwenye simu za aina nyingi, zetu zikiwemo. Lakini unaweza kukuta kamera inafanya kazi na spika inakataa. Simpi ushauri huo mtu mwenye simu moja tu anayoitegemea kwa biashara.

Tumeshaonja pia hasara ya simu iliyofungwa. Mwaka 2019 zililetwa nchini simu za vibonye zenye 4G, zile Kitochi, zikitumia KaiOS, mfumo uliotokana na msimbo huria wa Firefox OS wa Mozilla. Watu wazima waliokuwa wakiogopa vioo wakaingia WhatsApp kwa mara ya kwanza. Mapema 2025 WhatsApp ikaacha kufanya kazi kwenye KaiOS. Asili ya mfumo ilikuwa huria, lakini simu yenyewe ilikuwa imefungwa, na mwenye nayo hakuwa na mlango wa kutokea.

Kazi ya kuandaa na kuboresha programu huria haitushindi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wenzao wa Sweden katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, kifurushi cha ofisi cha programu huria kilichozungumza Kiswahili. Wakati huo wengi hapa Singida hawakuwa wamegusa kompyuta. Vijana wa leo wa vyuo vya ufundi vya VETA na vyuo vyetu vingine wana vifaa vingi kuliko walivyokuwa navyo wale, na mafundi wa Ipembe wana mikono iliyozoea kufungua simu kila siku. Wanachokosa ni kujua kwamba mlango uko wazi. Tafsiri za Kiswahili za LineageOS zinaweza kusahihishwa na yeyote anayejua lugha. Simu mbovu zilizolala kwenye droo za vibanda ni darasa tosha la kuanzia.

Serikali nayo ina sehemu yake. Tangu Juni 20, 2025, simu mpya zinazouzwa Umoja wa Ulaya zinatakiwa kuendelea kupata matoleo ya mfumo endeshi kwa angalau miaka 5 baada ya mtengenezaji kuacha kuziingiza sokoni. Sisi hatujaambiwa hata tarehe ya marekebisho kukoma. Naiomba TCRA na Tume ya Ushindani zianze na dogo tu: kila boksi la simu inayoingia nchini liandikwe, kwa Kiswahili, marekebisho yake yatakoma mwezi gani na mwaka gani. Na wewe msomaji, kabla hujatoa pesa ya mavuno kununua simu, muulize muuzaji swali hilo, na kama hana jibu, nenda duka la pili.