Ruta mbili, mabosi wawili: kufufua vifaa vya zamani vya mtandao nyumbani

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani Tanga kwa siku tatu, nikijua nakwenda kupumzika. Kumbe mdogo wangu alikuwa na usaili wa ufadhili wa masomo kwa njia ya video, Jumatatu saa nne asubuhi, na chumba chake kiko uani. Ruta iko sebuleni. Katikati kuna kuta tatu za matofali ya saruji pamoja na jiko la mabati, na waifai ikifika kule imechoka kabisa: mstari mmoja, mara upo, mara haupo. Kuhamia sebuleni nako haikuwezekana, kwa sababu mama anapokea wateja wake wa vitenge pale tangu asubuhi.

Hela ya ruta mpya haikuwepo. Ila chini ya kitanda kulikuwa na boksi la mabaki ya intaneti kafe ya mjomba, iliyofungwa miaka mingi iliyopita. Ndani yake: ruta kuukuu ya waifai, swichi, habu, na waya wa mtandao aina ya Cat5 kama mita 40 hivi. Habu niliirudisha chini ya kitanda. Ukituma kitu kwenye habu, inakirudia kwa kila aliyeunganishwa, na wote wanasubiriana. Swichi inajua nani yuko kwenye tundu gani, hivyo inampelekea mwenyewe tu. Kwa macho vinafanana, kwa hiyo soma maandishi yaliyo chini ya kifaa kabla hujafurahi.

Swali la kwanza la mdogo wangu lilikuwa, "Kaka, hivi vizee si vitapunguza spidi?" Tupige hesabu. Kifurushi cha nyumbani ni megabiti 20 kwa sekunde. Matundu ya ruta ile ya zamani yanapitisha megabiti 100, kiwango kilichopitishwa mwaka 1995. Yaani bomba la kizee ni pana mara tano kuliko maji yanayoingia nyumbani. Hata waifai yake, ya kizazi cha 2003, imeandikwa megabiti 54. Kwa uhalisia utapata nusu ya hapo au pungufu, na mazungumzo ya video yanahitaji chache tu. Uzee ungeonekana kama ningekuwa nahamisha mafaili makubwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine humo humo ndani.

Waya nao ulikuwa na kituko chake. Panya walishautafuna. Waya wa Cat5 una nyaya ndogo nane, zilizosokotwa mbili mbili, na nilipopima nikakuta jozi ya bluu na ya kahawia zimekatika. Nilikaribia kuutupa. Lakini mawasiliano ya megabiti 100 hutumia nyaya nne tu, ambazo kwa mpangilio wa kawaida ni jozi ya chungwa na ya kijani. Nyaya zote nane zinahitajika ukifika gigabiti moja. Ruta ya zamani haijui gigabiti ni nini, kwa hiyo zile nne zilizokatika haizikumbuki hata kidogo. Ingekuwa kifaa kipya upande ule, huenda pande zote mbili zingekubaliana kwenda gigabiti halafu zikashindwa kuungana.

Jumapili jioni nikachomeka kila kitu. Kikawaka. Dakika kumi baadaye mama anaita kutoka sebuleni: simu yake inasema imeunganishwa lakini hakuna intaneti. Ya kwangu inafanya kazi. Laptopu ya mdogo wangu inafanya kazi, inakata, inarudi. Saa mbili usiku hiyo, usaili kesho.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kusema kifaa kimekufa, kumbe kizima. Simu ikijiunga na mtandao haina anwani. Inapaza sauti kwa wote: nani anigawie anwani? Ruta inajibu: chukua hii, na ukitaka kutoka nje pitia kwangu. Kazi hiyo ya kugawa kwenye menyu ya ruta huandikwa DHCP. Sasa mimi nilikuwa nimeweka wagawaji wawili ndani ya nyumba moja. Aliyewahi kujibu ndiye anayesikilizwa. Tena ruta zote mbili zilitoka kiwandani zikiitwa 192.168.1.1, ambayo ni moja ya anwani zilizotengwa kwa ajili ya mitandao ya ndani. Simu ya mama ikiuliza "192.168.1.1 ni nani?" wanaitika wawili. Ikimfuata wa zamani, inafika ukutani, maana yule hana njia ya kutoka nje.

Dawa yake ni kumshusha cheo mmoja. Chomoa ruta ya zamani kwenye mtandao, iunganishe na laptopu peke yake kwa waya, fungua kivinjari uandike 192.168.1.1. Ukiwa humo, ibadilishe anwani iwe 192.168.1.2, au nyingine yoyote ambayo ruta kubwa haigawi kwa vifaa. Zima DHCP. Badilisha nenosiri la msimamizi. Hifadhi, kisha rudisha waya, na hapa kuwa makini: waya unaotoka sebuleni uingie kwenye moja ya matundu ya LAN, siyo lile la WAN lililo peke yake. Ukiuchomeka kwenye WAN intaneti inaweza kupatikana, ila unakuwa umejenga mtandao ndani ya mtandao, na printa ya sebuleni haitaona laptopu ya uani.

Jambo ambalo sitanii nalo ni ulinzi wa waifai. Kama ruta yako ya zamani inatoa WEP tu, zima waifai yake uitumie kama swichi. Udhaifu wa WEP ulianikwa hadharani tangu 2001, na leo mtu mwenye laptopu ya kawaida huivunja kwa dakika chache. Yetu kwa bahati ilikuwa na WPA2.

Waya nimeupitisha ndani ya bomba la plastiki, kwa sababu jua hupasua ganda lake na panya ni wale wale. Mama nimemwagiza auchomoe pande zote mbili mawingu ya radi yakianza, kwani waya wa shaba uliovuka uwanja unaweza kuleta umeme wa radi hadi kwenye vifaa.

Saa nne kasoro dakika tano dogo alichomeka laptopu moja kwa moja kwenye ruta ya mjomba, akafunga mlango. Mimi nikakaa jikoni, macho kwenye vile vitaa vya kijani kupitia dirishani, kwa dakika arobaini. Havikuzimika.