Mikro ya Dola Mia Kolwezi: Anza Kuhesabu Chumba

Kijana wa Kolwezi anayetaka kufungua studio nyumbani huanza na swali moja: mikro gani? Wateja wapo. Kwaya zinataka kurekodi, vijana wa rap wanataka wimbo wa kutuma kwenye simu, maarusi wanataka wimbo wao. Anachokosa ni mtaji, na ule mdogo alionao huuweka wote kwenye mikro ya kondensa kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye video za wasanii wakubwa.

Bei anayoiona kwenye intaneti si ya Kolwezi. Mzigo ukishushwa Dar es Salaam au Durban hupitia Zambia, huvuka mpaka wa Kasumbalesa, hufika Lubumbashi, kisha kuna barabara ya kilomita kama 300 inayopita Likasi, ileile inayotoa shaba yetu nje. Njiani kuna ushuru, kodi ya TVA ya asilimia 16, usafiri na faida ya mwuzaji. Kwa hiyo bei ninazozitaja hapa ni za soko la nje. Za dukani zipandishe.

Chini kabisa ipo BM-800 ya China, chini ya dola 30. Mwili mkubwa, roho ndogo: ukiifungua, mara nyingi utakuta kapsuli ndogo kama ya simu. Kwa mazoezi inatosha. Katikati ipo Audio-Technica AT2020, takriban dola 100, nayo ndiyo kazi halisi inapoanzia. Juu yake ipo Rode NT1-A ya Australia, ya dola 200 hivi. Tofauti ambayo wauzaji huisifu ni mvumo wa mikro yenyewe: AT2020 ina desibeli 20, NT1-A ina 5. Lakini chumba cha kawaida, hata kikiwa kimya, kina desibeli 30 au 40. Kwenye mitaa kama Kasulo au Manika ongeza malori, mbwa, ibada ya jirani na mvua juu ya mabati. Kulipia zile desibeli 15 ndani ya chumba kama hicho ni kutupa pesa. Kondensa husikia kila kitu, na ndiyo maana mablanketi mazito na godoro ukutani huleta faida kuliko kupanda daraja la mikro.

Kisha umeme. Kondensa inataka volti 48 kutoka kadi ya sauti, na kadi nzuri ya kuanzia huchukua dola 50 hadi 140 nyingine. Waya, kisimamio na kichujio cha pumzi ni juu yake. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako hapahapa kwenye mto Lualaba, na laini ya umeme kutoka bwawa la Inga, yenye kilomita 1,700 hivi, ilifika Kolwezi mwaka 1982 kwa ajili ya migodi, lakini mitaani umeme bado hukatika. Ukikatika, majirani huwasha jenereta, na kurekodi kumekwisha. Chagua kadi inayokula umeme wa USB, ufanye kazi kwa betri ya kompyuta, usiku, wakati mtaa una umeme na jenereta zimelala. Betri huondoa pia ule mvumo wa waya mbovu za nyumba.

Nani basi anunue kondensa? Mwenye kwaya na mwenye gitaa, maana hapo ule wepesi wa kusikia ni mali. Undani ambao gitaa hudai tunaujua hapa: mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, alibeba mitambo hadi kwa mwanamuziki, na gitaa lile bado linasikika kidole kwa kidole. Rapa anayeimba karibu na mikro, kwenye nyumba yenye kelele, atapata zaidi kwa mikro ya dainamiki kama Shure SM58, iliyopo tangu 1966: bei yake ni kama ya AT2020, haihitaji volti 48, haiogopi kuanguka. Ila SM58 za bandia ni nyingi mno duniani. Bei ikiwa tamu kupita kiasi, shuku.

Vumbi la kiangazi na unyevu wa masika huharibu utando wa kondensa, kwa hiyo ukimaliza kazi irudishe kwenye mfuko wake pamoja na vile vipakiti vya kukausha. Na kabla ya kulipa, nenda dukani na kompyuta na kadi yako, rekodi dakika moja, usikilize kwa spika za masikioni. Mwuzaji akikataa, ondoka na dola zako.