Theluthi Moja ya Mkubwa

Mara nyingi yanapozungumzwa mambo ya matumizi mema ya wakati, lawama humwangukia mtu mdogo. Karani huambiwa anachelewa, mwalimu huambiwa hamalizi masomo ya muhula, mkulima huambiwa hapandi mapema. Ni nadra kuulizwa swali ambalo jeshini huulizwa kwanza: je, muda uliokuwapo tangu mwanzo ulikaa mezani kwa nani?

Katika mafunzo ya maafisa ipo kanuni moja ambayo mwanafunzi hufundishwa mapema, na ambayo majeshi mengi duniani huifuata. Kamanda anapopokea kazi, huhesabu saa zilizobaki mpaka wakati wa kuianza. Theluthi moja ya saa hizo ni yake: ya kufikiri, kutazama ramani, kwenda kuiona ardhi kwa macho yake na kutoa amri. Theluthi mbili ni za walio chini yake, wala hana ruhusa ya kuzigusa. Akipewa kazi saa 12 asubuhi, na kikosi kiondoke saa 12 jioni, basi ifikapo saa 4 asubuhi awe amekwisha kutoa amri zake.

(Saa hizo nimeziandika kwa hesabu ya Kiswahili kwa ajili ya msomaji. Nchini Uganda Kiswahili ni lugha ya jeshi tangu enzi za King's African Rifles, lakini saa ya jeshi huanza kuhesabiwa usiku wa manane. Askari akiambiwa tu “saa kumi na mbili”, mmoja ataelewa alfajiri, wa pili magharibi, na wa tatu adhuhuri. Ndiyo maana amri huandikwa kwa tarakimu nne: 0600, 1200, 1800.)

Hesabu yenyewe ndiyo inayosadikisha. Tuseme kombania imepewa saa 36. Kamanda wa kombania akichukua theluthi yake, yaani saa 12, platuni itapata saa 24. Kamanda wa platuni achukue saa 8, seksheni ipate 16. Kiongozi wa seksheni naye achukue theluthi yake, na askari wa kawaida atabakiwa na saa 10 na dakika 40. Sasa tugeuze jambo hilo, kila mkubwa ajichukulie theluthi mbili. Platuni itapata saa 12, seksheni saa 4, na askari saa moja na dakika 20. Katika dakika hizo 80 asafishe silaha, apokee risasi, ajaze maji, ale, afanye mazoezi ya kazi aliyopewa na, ikiwezekana, alale. Hawezi. Ataacha mawili au matatu, na mara nyingi atakayoyaacha ni mazoezi na usingizi, vitu ambavyo upungufu wake hauonekani mpaka kazi imekwisha kuanza.

Mkufunzi wetu mmoja hakusoma mpango wa mwanafunzi kabla ya kutazama saa. Theluthi ilipokwisha, mwanafunzi alisimama na kutoa amri kwa alichokuwa nacho, hata kama kielelezo chake cha udongo kilikuwa nusu. Wengi tulinung'unika. Lakini mpango wa kadiri uliofanyiwa mazoezi mara mbili una heri kuliko mpango wa fahari ambao askari wanausikia wakiwa wamekwisha kufunga mikanda.

Mambo haya si ya jeshi peke yake. Tuseme barua imetoka makao makuu kwenda wilayani: iletwe orodha ya wakulima wanaohitaji mbegu, muda ni siku 21. Wilaya ikikaa nayo siku 14, gombolola siku 5 na muluka siku moja, mwenyekiti wa kijiji atabaki na siku moja ya kuzunguka nyumba zote. Atafanya nini? Ataketi usiku na kuandika majina anayoyakumbuka. Mjane aliyehamia majuzi atasahauliwa, na marehemu atatengewa kilo zake za maharagwe. Mvua za Machi nazo hazingoji orodha isahihishwe. Kwa kanuni ya theluthi, siku zile zile 21 zingekipa kijiji siku 6.

Atatokea wa kusema kwamba kazi ya mkubwa ni nzito, hivyo anastahili muda mrefu zaidi. Ni nzito kweli, lakini hufanywa na kichwa kimoja. Ya walio chini hufanywa kwa miguu, na miguu haiharakishwi kwa mhuri. Tena muda wa mezani una tabia yake. Mwaka 1955 Mwingereza C. Northcote Parkinson, profesa wa historia huko Singapore aliyewahi kuwa afisa wa jeshi, aliandika katika gazeti la The Economist kwamba kazi hujitanua mpaka ikaujaza muda wote iliopewa. Alitoa mfano wa Jeshi la Majini la Uingereza: kati ya mwaka 1914 na 1928 manowari kubwa zilipungua kutoka 62 hadi 20, ilhali maofisa wa makao makuu yake waliongezeka kutoka 2,000 hadi 3,569. Mkubwa asiyejiwekea mpaka ataona kila siku aliyoichukua ilikuwa ya lazima, kwa sababu ataijaza.

Zipo nyakati ambapo theluthi haigawanyiki, kama adui akishambulia ghafla. Hapo amri hutolewa kwa mdomo na kazi huanza. Lakini tarehe 9 Oktoba, sikukuu yetu ya Uhuru, inajulikana tangu mwaka 1962. Kwaya ya shule ikipata habari siku tatu kabla, hapakuwa na adui.

Jeshini ipo njia ya kuwapa walio chini muda hata kabla ya mpango kukamilika. Mara tu kamanda anapopokea kazi hutoa amri fupi ya kujiandaa: ni kazi ya namna gani, nani watakwenda, hawataondoka kabla ya saa ngapi, na amri kamili itatolewa wapi na saa ngapi. Kwa maneno hayo machache silaha huanza kusafishwa na chakula kupikwa, wakati yeye bado anainamia ramani. Katibu wa gombolola anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kumtuma kijana mwenye baiskeli siku ile ile barua inapofika: kuna orodha ya mbegu inatakiwa, anzeni kupita nyumba kwa nyumba, karatasi za kujaza zitafuata Jumatano.